Mchezo wa Ridhaa

Uko usemi mmoja unaotembea vinywani mwa vijana siku hizi, na hapa Rukanga nimeusikia mara nyingi kuliko methali zetu: "Mchezo usiolipa si mchezo." Husemwa kwa kicheko, lakini una madhara. Kijana aliyeusadiki huacha kucheza akitimiza miaka kumi na mitano, kwa kuwa amekwisha kujipima akaona hatakuwa bingwa wa dunia. Tangu siku hiyo huketi ukutani kutazama mabingwa wa watu wengine katika simu. Miguu anayo, mikono anayo, macho anayo. Alichokosa ni ruhusa ya moyo wake mwenyewe.

Nakusudia kuupinga usemi huo, nawe msomaji uwe hakimu. Nasema kwamba mchezo unaochezwa bila malipo, katika siku za mapumziko, na watu wenye kazi nyingine za kuwalisha, ndio mzizi wa michezo yote duniani. Tena nasema kwamba mji unaouacha mchezo wa namna hiyo ufe huwanyang'anya vijana wake haki ambayo hata wafalme wenye majeshi walishindwa kuwanyang'anya raia wao.

Lugha yetu imekwisha kutoa hukumu kabla yangu. Mtu achezaye bila mshahara tunamwita mchezaji wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Ni ndugu wa neno radhi, ile tunayoiomba kwa wazazi. Mchezaji wa ridhaa, basi, ni yule ambaye moyo wake umeridhia. Watu wa Ulaya nao, walipotafuta jina la mtu huyo, waliliunda kutoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kupenda. Lugha mbili zisizojuana zimekutana mahali pamoja: moja imesema ni mtu aliyeridhia, nyingine imesema ni mtu apendaye. Hakuna iliyosema kwamba ni mchezaji duni. Udunifu tumeuongeza sisi.

Ili hoja yangu isimame juu ya mfano, nakuomba tusafiri mbali kidogo, kisha turudi chini ya mlima wetu. Katika Uskoti kuna mji mdogo uitwao Falkland, na katika mji huo kuna jumba la kifalme, na katika bustani ya jumba hilo kuna kiwanja cha tenisi kilichojengwa mwaka 1539. Mpaka leo kinachezewa. Tenisi yenyewe siyo hii unayoiona katika picha za Wimbledon. Ni mama yake. Waingereza huuita mchezo huo tenisi ya kweli, nami nitauita tenisi ya kale. Viwanja vyake vinavyotumika duniani kote ni takriban 50 tu, navyo vimo katika nchi nne: Uingereza, Ufaransa, Marekani na Australia.

Tenisi ya kale huchezwa ndani ya kuta nne. Kiwanja kina urefu wa mita zipatazo 30 na upana wa mita zipatazo 10, na kwa kawaida pande tatu zake zina kibaraza chenye paa la mteremko. Anayeanzisha mpira hana budi kuurusha juu ya paa hilo, ubingirike, uanguke upande wa mwenzake. Kuta nazo ni sehemu ya mchezo, kwa maana mpira unaruhusiwa kugonga ukuta na kurudi. Raketi ni ya mbao, na kichwa chake kimepinda upande mmoja ili kuuchota mpira ulio karibu na sakafu. Hesabu ni ile ile uijuayo: 15, 30, 40.

Lakini mpira wenyewe ndio utakaokushangaza. Hautoki kiwandani. Fundi wa klabu huchukua kipande cha gome laini la mti, lile linalozibia chupa, akakizungushia utepe wa kitambaa, akaukaza kwa uzi mpaka uwe duara, kisha akaushonea ngozi ya sufu kwa mkono. Sasa niambie, wewe uliyelelewa katika vijiji vyetu: mtoto wa Rukanga anapotaka mpira hufanya nini? Huokota matambara, akayakunja, akayafunga kwa kamba mpaka yawe duara. Mpira unaochezewa katika majumba ya wafalme na mpira unaochezewa katika vumbi la Kasigau ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yake ni kwamba wenzetu wanauheshimu wa kwao, nasi wa kwetu tunauonea haya.

Tazama sasa jinsi wenzetu hao wanavyouweka hai mchezo wao. Wanaolipwa kuucheza ni wachache mno, na wengi wao ni wale mafundi na walimu wa vilabu. Wengine wote ni watu wa ridhaa: daktari, mwalimu, karani, mwanafunzi, mzee aliyestaafu. Mwisho wa wiki klabu moja hutangaza mashindano, na wanachama wa vilabu vingine husafiri kwa nauli zao wenyewe kwenda kuyacheza. Siku ya kwanza huchezwa makundi, siku ya pili nusu fainali na fainali. Watazamaji hawajazi hata ukumbi mmoja. Mshindi hupewa kikombe na makofi, na Jumatatu kila mtu hurudi kazini kwake. Mchezo wa umri wa karne nyingi unabebwa mabegani na watu wasiopata hata senti moja kwa kuubeba. Lau wangeungoja ulipe ndipo waucheze, ungalikuwa umezikwa zamani.

Tena wanao utaratibu ambao nautamani kwa ajili yetu. Kila mchezaji ana namba inayoonyesha uwezo wake. Wakikutana hodari na mdhaifu, hodari huanza akiwa na deni la alama, au mdhaifu huanza akiwa na alama mkononi, mpaka mizani ikae sawa. Kwa hiyo mzee wa miaka 70 anaweza kupambana na kijana wa miaka 20, na yeyote kati yao akashinda. Hapo hodari hapati raha ya kumwaibisha mnyonge, wala mnyonge hapati udhuru wa kukata tamaa. Kila mmoja analazimika kucheza kwa nguvu zake zote.

Najua sasa unaninong'onea jibu. Utasema: "Mwalimu, hao ni matajiri na wana wa matajiri. Tenisi ni mchezo wa wakubwa. Sisi inatuhusu nini?" Hoja hiyo ni nzito, nami sitaikwepa. Lakini nitakuuliza kwanza: nani alikuambia kwamba mchezo huu ni wa wakubwa? Aliyekuambia ni mkubwa mwenyewe, na alikuwa na sababu yake.

Mchezo huu ulipoanza Ufaransa, zaidi ya miaka 700 iliyopita, haukuwa na raketi hata moja. Mpira ulipigwa kwa kiganja, na mpaka leo jina lake la Kifaransa lina maana ya mchezo wa kiganja. Kiganja hakinunuliwi. Ulichezwa katika nyua za watawa na katika vichochoro vya miji, na watu wa kawaida waliupenda kiasi cha kuwatia hofu watawala. Mwaka 1388, katika enzi ya Mfalme Richard wa Pili, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwaamuru watumishi na vibarua waache michezo ya mpira, wa mkono na wa mguu, wakajizoeze upinde na mishale. Mwaka 1541 ikaja sheria nyingine. Mafundi, wakulima, vibarua, wanagenzi na watumishi walikatazwa tenisi na michezo mingine kadha wa kadha, ila wakati wa Krismasi peke yake, na hapo tena iwe katika nyumba za mabwana zao au mbele ya macho yao.

Ni nani aliyekuwa mfalme mwaka huo wa 1541? Alikuwa Henry wa Nane, mtu ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi mkubwa wa tenisi, aliyekuwa na viwanja vyake katika jumba la Hampton Court. Mkono uliowakataza wengine kushika mpira ulikuwa umeushika mpira huo huo. Zingatia jambo hili, msomaji. Mchezo haukuwa wa wakubwa kwa asili yake. Ulifanywa kuwa wa wakubwa kwa sheria, na sheria hutungwa pale tu ambapo watu wanafanya jambo linalokatazwa. Hakuna mfalme atungaye sheria ya kuwakataza kuku kuogelea.

Hata hivyo wafalme hawakushinda kabisa. Tarehe 20 Juni 1789, wajumbe wa watu wa kawaida wa Ufaransa walikuta ukumbi wao wa mkutano umefungwa mjini Versailles. Wakatafuta mahali pengine, nao wakaingia katika kiwanja cha tenisi kilichokuwa jirani. Humo, kati ya kuta zilizozoea kugongwa na mipira ya mabwana, waliapa kwamba hawataachana mpaka nchi yao iwe na katiba. Kiapo hicho ni miongoni mwa matukio makuu ya Mapinduzi ya Ufaransa, na mpaka leo kinaitwa Kiapo cha Kiwanja cha Tenisi.

Sasa turudi kwetu, kwa maana sheria ya mfalme Henry ilikuwa na wajukuu katika Afrika Mashariki. Mwaka 1874 mwanajeshi mmoja Mwingereza, Walter Wingfield, aliipatia hati ya serikali tenisi ya kuchezwa kwenye majani, na mwaka 1877 mashindano ya kwanza ya Wimbledon yakafanyika. Hii ndiyo tenisi iliyopanda meli ikaja pwani yetu. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka huo huo ikaanzishwa Mombasa Sports Club. Reli ikapita Voi, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 Nairobi Club nayo ikaanzishwa. Muthaiga ikafuata mwaka 1913. Palipofika bendera ya Kiingereza palifika pia kiwanja cha tenisi, na palipofika kiwanja palifika uzio.

Katika enzi ya ukoloni michezo iligawanywa kwa rangi kama vile mabehewa ya reli. Wazungu walikuwa na vilabu vyao. Wahindi na Wagoa, waliofungiwa mlango huo, walijijengea vyao. Na Mwafrika aliingia klabuni kwa mlango wa jikoni. Alikata majani ya kiwanja, alipaka chokaa mistari, aliokota mipira na kuirudisha mikononi mwa wachezaji. Aliujua mchezo kwa macho miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kuujua kwa mikono. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 uzio wa rangi ulivunjika. Uliobaki ni uzio wa ada, nao ni mrefu.

Lakini nakuambia kwamba uko uzio wa tatu, nao ndio ninaoupigia kelele leo, kwa sababu huo haukujengwa na mfalme wala mkoloni wala mweka hazina wa klabu. Ni ule unaoujenga mwenyewe kila unaposema, "Hilo si la watu kama sisi." Babu zako walikatazwa, wewe unajikataza. Kati ya hao wawili ni yupi aliye mtumwa zaidi?

Nageukia hoja ya pili, hoja ya fedha. Wako wanaosema kwamba nyakati zimebadilika, kwamba mchezaji hodari leo huwa milionea, na kwamba ni upumbavu kutoa jasho bure. Nawajibu kwa mfano wa nyumbani. Mwezi wa Julai mwaka 2022, msichana Mkenya aitwaye Angella Okutoyi alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili huko Wimbledon, akicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Alikuwa Mkenya wa kwanza kufikia ushindi wa namna hiyo. Mwaka 2024 akaongeza medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Huyu hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Alilelewa na nyanya yake. Je, alipoanza kuupiga mpira akiwa mtoto mdogo, alilipwa na nani? Hakuna mtoto wa miaka minne aandikiwaye mkataba. Kila bingwa anayelipwa leo alicheza kwanza miaka mingi kwa ridhaa, na walimzunguka watu wa ridhaa ambao hawakulipwa kamwe. Wimbledon yenyewe, tangu 1877 hadi 1967, ilikuwa mashindano ya watu wa ridhaa. Ni mwaka 1968 ndipo wachezaji wa kulipwa walipofunguliwa mlango. Anayeudharau mchezo wa ridhaa anayataka matunda na kuichukia mizizi.

Tena hesabu ni hesabu. Katika darasa lako la wanafunzi arubaini, huenda asitoke hata mmoja atakayeishi kwa kucheza. Usemi wa mchezo usiolipa unawahukumu wote arubaini kuketi ukutani kwa ajili ya yule mmoja asiyekuwapo. Je, tunaimba kwa kuwa sote tutalipwa uimbaji? Je, tunasimuliana hadithi kwa kuwa sote tutauza vitabu?

Na afadhali kuketi ukutani kungekuwa kuketi tu. Ukuta huo una mwenyeji wake, naye ni kamari. Zamani neno mkeka lilikuwa jina la kitu cha heshima. Kilisukwa kwa mikono ya mama kwa siku nyingi, kikatandikwa, mgeni akakaribishwa. Mikono ya akina mama wa Kasigau ni mashahidi wa thamani ya kazi ya kusuka, kwa vikapu vyao vya mkonge vinavyosifiwa hata ng'ambo. Leo ukisikia vijana wakiulizana habari za mkeka, ujue wanazungumza juu ya orodha ya mechi walizozibashiria katika simu, mechi za miji wasiyoijua, za wachezaji wasiowajua, kwa fedha ambazo pengine ni za karo. Sheria inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kushiriki kamari. Lakini simu ya kaka mkubwa haina mlinzi. Mkeka wa mama humpa mtu mahali pa kulala. Mkeka wa kamari humnyima usingizi.

Kamari si adui mpya wa michezo. Tenisi ya kale yenyewe iliwahi kuchezwa katika viwanja mamia katika Ufaransa. Wanaoandika historia yake, wakieleza kwa nini viwanja vile vilifungwa kimoja baada ya kingine, huitaja kamari na udanganyifu wake miongoni mwa sababu. Watu walipoanza kuja kwa ajili ya dau, mchezo ulipoteza wenyewe. Walioubakiza mpaka ukatufikia ni wale waliokuja kwa ajili ya mpira.

Hoja ya tatu hutoka kwa wazee wetu na kwa baadhi ya walimu wenzangu. Wanasema: "Mchezo humpotezea mwanafunzi muda." Nawaheshimu, kwa sababu wanaogopa jambo la kweli. Lakini nimepita katika chuo cha ualimu na nimekaa mbele ya madarasa, na jambo moja nimeliona waziwazi: mtoto huibwa muda na mchezo usiokuwa na mwisho wala kanuni kuliko mchezo wenye ratiba. Mashindano ya Jumamosi alasiri yana saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Simu haina. Tena mchezo wenye kanuni ni somo la maadili lisilohitaji hotuba. Katika tenisi ya kale kuna kanuni moja ya ajabu. Mpira ukidunda mara mbili upande wako, aghalabu hupotezi alama papo hapo. Mwamuzi hutazama mahali ulipodunda mara ya pili, akapataja, na alama ile husubiri. Baadaye mnabadilishana pande, nawe unapewa nafasi ya kuipigania. Ili uipate, mpira wako hauna budi kudunda mara ya pili karibu zaidi na ukuta wa nyuma kuliko ulivyodunda ule wa mwenzako. Ni nani asiyeona hekima iliyomo? Kosa halifutwi, lakini linapewa nafasi ya kusahihishwa. Na anayelisahihisha hana budi kufanya vizuri kuliko aliyemtia kosani. Nipeni mwanafunzi aliyeizoea kanuni hiyo, nami sitahangaika kumfundisha uvumilivu.

Hoja ya nne huwa haisemwi hadharani, bali inatendwa. Ni ile inayosema kwamba mchezo si wa wasichana. Mwaka 1427, mwanamke mmoja aliyeitwa Margot, kutoka nchi ya Hainaut, alifika Paris akacheza mchezo wa kiganja, kwa mbele ya mkono na kwa nyuma ya mkono. Mwandishi mmoja wa kumbukumbu za mji huo aliandika kwamba wanaume walioweza kumshinda walikuwa wachache, na hao walikuwa wale hodari kabisa. Ni karibu miaka 600 sasa tangu jambo hilo lithibitike, na bado msichana wa kwetu anaambiwa kwamba mpira si kazi yake.

Lakini maneno matupu hayatamsaidia msichana huyo. Rukanga ni nchi kavu, na maji hayaji yenyewe nyumbani. Jumamosi, wakati kaka yake anapotandaza miguu kivulini, dada yuko njiani na mtungi. Akirudi kuna kuni, kuna jiko, kuna mtoto wa kubembelezwa. Kijana wa kiume, kama kweli unataka haki, anza hapo. Beba mtungi mmoja. Mtungi mmoja uliobebwa nawe ni saa moja ya dada yako kiwanjani. Klabu za zamani ziliwafungia watu mlango kwa sababu ya rangi yao; ukimfungia dada yako mlango kwa sababu ya mtungi, umefuata desturi yao.

Sasa utauliza: tufanye nini? Sikukusudia kukuacha na hasira tupu. Hatuna kiwanja cha mwaka 1539, wala hatuna haja nacho. Tunao mlima Kasigau wenye kimo cha mita zipatazo 1,600, na kuuzunguka tunavyo vijiji vitano: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe. Vijiji vitano ni timu tano, na timu tano ni mashindano kamili ya Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Ukuta mmoja usio na dirisha unatosha. Mistari ichorwe kwa majivu. Mpira ufungwe kwa matambara na kamba, ukazwe vyema mpaka udunde. Raketi yenu iwe ile ya kwanza kabisa duniani, yaani kiganja. Hesabu iwe 15, 30, 40. Aliye hodari aanze na deni, ili mdogo asikate tamaa.

Wasioweza kukimbia, nao wasiachwe. Bao la mashimo 32 na kete 64 limechezwa barazani pwani yote kwa vizazi vingi bila mshahara, na hakuna aliyewahi kulisema kuwa si mchezo. Liwekwe kivulini, wazee wakabiliane na vijana. Na jambo moja msilisahau: nunueni daftari. Andikeni humo tarehe, majina ya waliocheza, hesabu, na jina la mshindi. Tunavijua viwanja vya wafalme kwa sababu kuna walioandika. Margot asingalijulikana leo kama mtu mmoja wa Paris hangalitia kalamu katika wino. Mchezo usioandikwa hufa pamoja na wachezaji wake, na baada ya miaka kumi mtu atasema haukuwapo.

Atakayekuambia kwamba mambo yasiyolipa hayadumu, mwonyeshe watu wa Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa mlima huu kwa nguvu, ikawapeleka Malindi kwa tuhuma ya kumsaidia adui. Nyumba zao zilichomwa, na wengi walikufa ugenini kwa maradhi. Waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi. Walirudi na nini? Hawakurudi na mali. Walirudi na lugha yao, na majina yao, na kumbukumbu ya vijiji vyao. Ni nani aliyewalipa kwa kuyatunza hayo? Hakuna. Waliyatunza kwa ridhaa, na kwa ridhaa hiyo sisi leo tuna mahali pa kupaita kwetu.

Basi, msomaji, usingoje mdhamini, wala usingoje kiwanja cha majani, wala usingoje mtu wa mbali aje kukutangazia kwamba umeruhusiwa. Mfalme Henry amekufa, na sheria yake imekufa. Jumamosi inakuja, ukuta upo, matambara yapo, na kiganja chako kimefumbata bure. Kifumbue.